Kiini Kilichofanana na Miwani

Mwaka 1998, katika hospitali moja ya mwambao, mwanafunzi wa maabara aliandika kwenye cheti cha mtu asiyeumwa kwamba ana maambukizi makali. Mwanafunzi huyo ndiye mwandishi wa makala haya. Kosa lile hajalisahau, kwa sababu ndilo lililomfungulia mlango wa jambo ambalo darasani lilipitwa juu juu: seli ina kiunzi chake, na kiini kilichomo ndani ya seli nacho kina kiunzi chake.

Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo maabara hujaa kuliko siku zote. Nje kwenye mabenchi, akina mama walikuwa wamepakata watoto wenye homa. Ndani, slaidi za malaria zilikuwa zimesimamishwa kwenye reki zikikauka baada ya kuoshwa rangi ya Giemsa. Miongoni mwa vyeti kilikuwapo cha mbeba mizigo mmoja aliyekuja kupimwa afya kabla ya kuajiriwa. Miaka thelathini na kitu, hana homa, hana kikohozi, hana kidonda. Daktari alitaka picha kamili ya damu.

Kijana, yule mwanafunzi, aliweka tone la mafuta juu ya slaidi, akashusha lenzi ya 100, akaanza kuhesabu seli nyeupe moja moja hadi zitimie 100, kama alivyofunzwa. Zilizo nyingi kati ya hizo huwa ni nutrofili, askari wa kwanza kufika penye jeraha. Nutrofili iliyokomaa kiini chake hugawanyika vipande vitatu, vinne, hata vitano, vilivyoungwa kwa uzi mwembamba mfano wa shanga chache kwenye kigwe. Lakini mwili unapovamiwa, uboho huwa hausubiri. Hutoa hata nutrofili changa, ambazo kiini chake hakijagawanyika, kimepinda tu kama ndizi. Kwenye slaidi ile, karibu kila nutrofili ilikuwa na vipande viwili tu, duara mbili zinazotazamana na uzi katikati, au kiini kizima kisicho na mgawanyiko wowote. Kijana akaona mambo ni wazi: hizi ni changa, mwili huu unapigana vita. Akaandika.

Mkuu wa maabara, mama wa makamo ambaye wote walimwita Bi Mkubwa, hakutia saini. Alivuta kiti, akainamia hadubini, akakaa kimya akiisogeza slaidi taratibu.

“Mwanangu, umehesabu,” alisema bila kuinua uso. “Je, umetazama?”

“Nimetazama, Bi Mkubwa.”

“Seli changa, kiini chake kinakuwa na rangi gani?”

Kijana akajibu kuwa huwa hafifu, kwa kuwa DNA iliyomo bado imelegea, haijabanwa.

“Na hivi?”

Akatazama tena. Viini vile vilikuwa zambarau iliyokolea, vimegandamana mabonge mabonge, kama vya seli iliyokomaa kabisa. Umbo lilikuwa la seli changa, rangi ilikuwa ya seli kongwe. Kwa dakika ishirini alizokuwa akihesabu, rangi hiyo ilikuwa mbele ya jicho lake na hakuiona.

Bi Mkubwa aliagiza yule bwana aitwe arudi, na kama ana mtoto, aje naye. Kesho yake alikuja na mwanawe wa miaka sita. Slaidi ya mtoto ilipokauka, kijana aliitazama kwanza kwa muda mrefu kabla ya kugusa vitufe vya kuhesabia. Duara mbili na uzi katikati. Mtoto alikuwa na viini vya baba yake.

Hapo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza majina ya Pelger na Huët, madaktari wawili wa Uholanzi. Mwaka 1928 Karel Pelger alikuta viini vya aina hiyo kwa wagonjwa wa kifua kikuu, akaviona ni ishara mbaya ya ugonjwa. Mwaka 1931 Huët alionyesha kuwa ni sura ya kurithi tu, mzazi kwa mtoto, na wenye nayo huishi salama. Vitabu vya taaluma hukifananisha kiini hicho na miwani ya zamani, ile ya kubana puani isiyo na vishikio vya masikio. Ilimpa kijana faraja kidogo kujua kwamba hata aliyeigundua sura hiyo aliidhania ugonjwa.

“Lakini Bi Mkubwa, kwa nini cha kwao hakigawanyiki?”

“Bado haijulikani,” alijibu. “Nami nangoja kujua tangu nilipokuwa kama wewe.”

Walingoja miaka minne zaidi.

Kijana alikuwa hana jibu kwa sababu picha aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya shule: duara, na ndani yake nukta. Vitabu vingi vya baiolojia huichora seli hivyo hata leo, na mwalimu huongeza kwamba ni mfano wa mfuko uliojaa maji. Mchoro huo unaharibu zaidi ya unavyofundisha. Mfuko wa maji hauna umbo lake wenyewe, hukaa kama chombo kilivyo. Seli ina umbo, nayo hulipigania. Ikibinywa hurudi, ikivutwa huvuta, ikilazwa juu ya kitu kigumu hujitandaza na kujikaza. Yote hayo hufanywa na protini ambazo kazi yake si kumeng'enya wala kubeba ujumbe, bali kushikilia: aktini inayosuka kamba chini ya utando, tubulini inayojenga mirija iliyo kama boriti, keratini na jamaa zake zinazozuia seli isichanike, na lamini katika kiini. Nyumba ya udongo ya pwani haisimamishwi na udongo. Ukiubandua udongo utakuta fito na nguzo zilizofungwa kwa kamba, na ukizikata kamba, udongo utaanguka wenyewe.

Bi Mkubwa hakuwa mtu wa nadharia. Alimfundisha kijana kiunzi cha seli kwa kutumia kitu alichokuwa akikiona kila siku, seli nyekundu, naye alianza na kitanda cha kamba.

Seli nyekundu ya binadamu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, yaani mamia kadhaa ya seli zikipangwa mstari hazijazi upana wa ukucha. Haina kiini, imekitupa kabla ya kuingia kwenye mkondo wa damu. Inaishi siku 120 hivi, na katika siku hizo hupita mara maelfu kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Ndani ya bandama hulazimika kujipenyeza kwenye nyufa zenye upana wa maikromita moja au chini ya hapo. Huingia ikiwa sahani, hunyooka kama utambi, na ikitokea upande wa pili huwa sahani tena. Kinachoirudisha ni wavu wa protini uliotandikwa chini ya utando wake, wavu wa spektrini. Nyuzi za spektrini hazikukazwa. Zimejikunja, zimefungwa kwenye vifundo vya aktini, na kila zikivutwa hunyooka, zikiachwa hurejea. Kitanda cha kamba nacho hubonyea kwa uzito wa mwenye kulala, na akiamka hurudi kilivyokuwa. Kamba zikilegea au kukatika, hakuna godoro litakalokinyoosha.

Spektrini ilitambuliwa mwaka 1968 na Vincent Marchesi na Edward Steers. Jina lake lina historia nzuri. Ukiipasua seli nyekundu na kuiosha hemoglobini yote, kinachobaki ni utando mweupe wenye umbo la seli, na wanasayansi wa zama hizo waliziita seli hizo mizimu. Protini waliyoichomoa kwenye mizimu hiyo wakaipa jina linalotokana na neno la Kilatini la kivuli kinachotokea. Pale ambapo spektrini, au ankirini inayoifunga kwenye utando, ina hitilafu ya kurithi, seli hushindwa kuwa sahani. Huwa duara kama gololi, bandama huzinasa na kuzivunja, na mwenye nazo hupungukiwa damu na macho yakawa manjano.

Baada ya somo la kitanda, kijana alipewa kazi ya kupima selimundu. Kipimo cha siku zile kilikuwa rahisi na bado kinatumika penye uhaba wa vifaa: tone la damu, tone la dawa ya sodiamu metabaisalfaiti iliyochanganywa asubuhi hiyo hiyo, kioo kifunikio juu yake, na kingo kuzibwa kwa mafuta mazito ili hewa isiingie. Dawa hunyonya oksijeni. Mpimaji hutazama baada ya dakika chache, baada ya saa, na ikibidi kesho yake.

Mgonjwa alikuwa mtoto wa kike wa miaka minne, vidole vimevimba. Mwandishi anakumbuka alivyoziona seli zikibadilika mbele ya macho yake. Kwanza zilikunjamana pembezoni, kisha zikatoa ncha, kisha moja baada ya nyingine zikarefuka na kupinda. Hakuna aliyezigusa. Ndani ya kila seli, hemoglobini ilikuwa ikijipanga fimbo kwa fimbo na kuusukuma utando kutoka ndani. Chanzo ni badiliko dogo kuliko yote yanayofikirika: kwenye mnyororo wa beta wa hemoglobini, wenye asidi amino 146, ile ya 6 imebadilishwa. Vernon Ingram alilionyesha hilo mwaka 1957. Miaka mitatu kabla yake, Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alichapisha ushahidi kwamba wenye nakala moja tu ya jeni hiyo wana kinga dhidi ya malaria, na kwa hiyo jeni imedumu pale mbu walipo.

Hayo yalikuwa kwenye daftari la darasani. Ambalo halikuwamo ni alilolisema Bi Mkubwa akimwonyesha slaidi nyingine, ya damu ya mtoto yule yule iliyopakwa bila dawa yoyote. Hewa ilikuwapo tele, fimbo za hemoglobini zilipaswa kuwa zimeyeyuka, na bado seli kadhaa zilikuwa mundu. Seli za namna hiyo zimepinda na kunyooka mara nyingi mno hata wavu wao wa spektrini na aktini umekakamaa katika umbo la kupinda. Mwaka 1976 Samuel Lux na wenzake walizipasua seli kama hizo, wakaziosha hemoglobini yote, wakauondoa hata utando wa mafuta, na kiunzi kilichobaki kilikuwa bado na umbo la mundu. Ugonjwa ulioanzia katika hemoglobini ulikuwa umeandikwa kwenye kamba za kitanda.

Mama wa mtoto yule alikuwa amesimama mlangoni. Alitaka kujua kitu kimoja, kama mwanawe ataacha kulia usiku. Bi Mkubwa alitoka nje akaketi naye benchini kwa karibu nusu saa, foleni ikingoja.

Kwa miaka mingi baada ya hapo mwandishi aliamini kuwa seli nyekundu iliyo laini ndiyo bora, na kila ugumu ni maradhi. Mwaka 2020 aligundua kuwa aliamini nusu ya ukweli. Watafiti wa Kilifi, wakiongozwa na Silvia Kariuki pamoja na wenzao wa Cambridge, walichapisha uchunguzi wa damu ya watoto 42 wenye afya wa Kilifi. Baadhi ya watoto hao walikuwa na aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo ni adimu sehemu nyingi za dunia lakini hupatikana kwa wingi katika mwambao wa Kenya. Dantu hutokana na jeni mbili jirani kuungana na kuzaa protini chotara inayokaa kwenye utando wa seli nyekundu. Ilikwisha kujulikana kuwa mwenye nakala mbili ana kinga ya asilimia 74 dhidi ya malaria kali. Kisichojulikana kilikuwa namna kinga hiyo inavyofanya kazi.

Jibu lilipatikana kwa kutazama. Walirekodi vimelea vya malaria vikijaribu kuingia kwenye seli, jambo ambalo huchukua muda usiozidi dakika, na huku wakipima jinsi ukingo wa kila seli unavyotetemeka. Utando uliolegea hutetemeka sana, uliokazwa hutetemeka kidogo. Waliona kuna kiwango cha ukazo ambacho kikivukwa, kimelea hupiga hodi na kushindwa kuingia, hata kwa watu wasio na Dantu. Wenye Dantu wana seli nyingi zaidi zilizovuka kiwango hicho. Haikuwa kitasa kilichobadilishwa. Ngozi ya ngoma ilikuwa imewambwa zaidi.

Mwandishi alisoma habari hiyo mara tatu. Alikuwa ametoboa vidole vya watoto wengi wa mwambao ule, na bila shaka seli za Dantu zilikwisha kupita chini ya lenzi yake. Kwa jicho hazitofautiki. Katika hili hakuwa na kosa, maana kuna sura ambazo hadubini ya kawaida haizioni kabisa.

Turudi kwenye kiini, ambako swali la 1998 lilikuwa bado linaning'inia.

Ndani ya kiini kimoja cha seli ya binadamu mna DNA yenye urefu wa mita 2 hivi. Kiini kimezungushiwa utando wa tabaka mbili, na utando huo, kama ule wa nje, ni laini mno kuweza kusimama wenyewe. Chini yake, upande wa ndani, kumetandikwa kitu mfano wa mkeka: nyuzi za lamini zilizosukwa. Mwaka 2017 kundi la Ohad Medalia la Zürich lilizipiga picha nyuzi hizo zikiwa mahali pake, likakuta kila moja ina unene wa nanomita 3.5 tu, na mkeka wote nanomita 14. Milimita moja ina nanomita milioni. Mkeka mwembamba kiasi hicho ndio unaokifanya kiini kiwe kigumu kuliko sehemu nyingine za seli.

Mwaka 2002 ndipo ilipojulikana kwamba watu wenye viini vya Pelger na Huët wana hitilafu katika jeni ya protini inayokaa kwenye utando wa ndani wa kiini, ikishika mkeka wa lamini kwa upande mmoja na DNA kwa upande wa pili. Ni kishikizo. Mtu wa kawaida ana nakala mbili nzima za jeni hiyo, naye mbeba mizigo yule na mwanawe walikuwa, kwa dalili zote, na moja. Kishikizo kikiwa nusu, utando wa kiini haujikunji vya kutosha wakati nutrofili inakomaa, na vipande vitano huishia viwili. Mwandishi aliikata karatasi yenye habari hiyo akampelekea Bi Mkubwa, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa koti lake jeupe.

“Basi siku nikifa, nitakufa ninajua,” alisema.

Swali lililofuata ni kwa nini nutrofili ihitaji kiini cha vipande hata kidogo. Nutrofili ni seli ya safari. Hutoka kwenye mshipa wa damu kwa kujipenyeza katikati ya seli za ukuta wake, kisha husukuma njia yake katika nyama hadi penye vijidudu. Kinachokwama kwanza penye tundu jembamba ni kiini, kwa kuwa ndicho kigumu. Basi nutrofili imepunguza lamini A, ile inayokaza zaidi, na kiini chake kimekuwa laini, chenye mikunjo, kinachopita kipande kwa kipande. Seli zinazokaa mahali penye mikiki hufanya kinyume. Mwaka 2013 kundi la Dennis Discher la Pennsylvania lilipima lamini katika viungo mbalimbali na kukuta kwamba kadiri kiungo kinavyokuwa kigumu ndivyo lamini A inavyozidi: haba kwenye ubongo, nyingi kwenye msuli, nyingi zaidi kwenye gegedu na mfupa. Kundi hilo hilo lilikuwa limeonyesha mwaka 2006 kwamba seli shina zikipandwa juu ya jeli laini kama ubongo huelekea kuwa na sura za seli za neva, juu ya jeli ngumu kama msuli huelekea kwenye msuli, na juu ya ngumu zaidi huelekea kwenye mfupa. Chakula kilikuwa kile kile. Tofauti ilikuwa kitanda zilicholalia.

Seli inajuaje ugumu wa mahali ilipo, na kiini kilichofichwa ndani kinapataje habari? Mwaka 1997 Donald Ingber na wenzake, huko Marekani, walivuta uso wa seli hai kwa ncha ndogo sana ya kioo. Kiini, kilichokuwa mbali na ncha hiyo, kilirefuka kuelekea upande wa mvuto. Kwenye jahazi, ukivuta kamba ukiwa shetri, foromali huko juu inaitikia. Hakuna ujumbe uliotumwa, ni kamba tu. Baadaye zilijulikana protini zinazopita kwenye utando wa kiini na kuunga kamba za nje na mkeka wa ndani. Nguvu inayogusa uso wa seli hufika hadi mlangoni pa DNA.

Kuna watoto ambao mkeka huo umesukwa vibaya. Mwaka ule ule wa 1998, huko Marekani, madaktari wawili waliooana, Leslie Gordon na Scott Berns, waliambiwa kuwa mtoto wao Sam, asiyefikisha miaka miwili, ana projeria. Ni ugonjwa adimu mno: huonekana kwa takriban mtoto mmoja kati ya milioni 4 wanaozaliwa. Mtoto huonekana kuzeeka mapema, nywele zikamwishia, ngozi ikakazana, mishipa ya moyo ikawa kama ya mtu wa miaka sabini. Bila dawa, wastani wa umri wao ni miaka 14 na nusu. Wazazi wale hawakungoja. Mwaka 1999 walisaidia kuanzisha taasisi ya utafiti, na mwaka 2003 Gordon alikuwa miongoni mwa waandishi wa ripoti iliyotaja chanzo: herufi moja iliyobadilika katika jeni ya lamini A. Kwa badiliko hilo protini hukatwa asidi amino 50, na kipande cha mafuta kilichopaswa kuondolewa mkiani hubaki. Protini hiyo mbovu, projerini, hunata kwenye utando, na kiini badala ya kuwa cha mviringo huwa na makunyanzi na vinundu.

Kwa nini moyo na mishipa ndivyo vinavyoua watoto hao, na si ubongo? Ubongo hauchezi. Ukuta wa mshipa mkubwa hunyooshwa kwa kila pigo la moyo, mara zipatazo laki moja kwa siku, na seli za msuli wa ukuta huo hupotea. Ubongo pia hutengeneza lamini A kidogo tu. Maelezo hayo mawili yanakwenda pamoja, na watoto wenye projeria hubaki na akili timamu kabisa, jambo ambalo kila aliyewasikiliza wakizungumza hulishuhudia. Sam Berns alikufa Januari 2014 akiwa na miaka 17. Novemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha lonafarnibu, dawa inayozuia kile kipande cha mafuta kuungwa kwenye protini. Haiponyi, lakini huongeza miaka.

Mwandishi hajapata kumwona mtoto mwenye projeria. Anaiandika habari hii kwa sababu ya wale wawili, mbeba mizigo na mwanawe: kishikizo cha mkeka kinapopungua kwa nusu, mtu anaishi maisha yake yote bila kujua, mkeka wenyewe unapofumwa vibaya kwa herufi moja, mtoto kwa kawaida hafiki utu uzima. Kati ya ncha hizo mbili kuna udhaifu wa misuli na magonjwa ya moyo yanayotokana na jeni hiyo hiyo ya lamini A, ambayo familia nyingi huyaita laana au bahati mbaya.

Siku hizi maabara ile ina mashine. Damu inanyonywa kwa bomba, na chini ya dakika mbili karatasi inatoka na hesabu zote. Mashine ni neema. Mwandishi hatamani kurudia kuhesabu seli 100 kwa vitufe mara arobaini kwa siku. Lakini mashine ikikutana na viini vya mbeba mizigo yule, huweka alama ya tahadhari kwamba kuna seli changa, kosa lile lile la 1998. Alama hiyo inamtaka mtu apake slaidi na kutazama. Katika maabara yenye foleni, slaidi mara nyingi haipakwi, na mgonjwa huondoka na dawa ya maambukizi asiyokuwa nayo, au hukosa kazi.

Wanafunzi wanaopita mikononi mwa mwandishi hupewa karatasi tupu na penseli kabla ya kupewa vitufe. Kwa dakika kumi wanachora seli tano tu, na hawaruhusiwi kuandika jina la ugonjwa wowote pembeni. Wengi hulalamika siku ya kwanza. Ifikapo wiki ya pili huanza kuleta michoro wenyewe, wakiuliza kwa nini kiini hiki kina pembe na kile hakina.

Bi Mkubwa alikichana cheti cha kwanza cha mbeba mizigo mbele ya kijana, akaandika kipya kwa mkono wake. Kisha aliandika mstari mmoja kwenye kadi ya baba na mmoja kwenye kadi ya mtoto: kwamba umbo la viini vyao ni la kurithi, si ugonjwa, na lisitibiwe. Aliwasomea mara mbili, akamtaka baba arudie kwa maneno yake mwenyewe. Kama katika karatasi za hospitali za nyumbani kwako umo mstari wa namna hiyo kuhusu damu ya mtu yeyote wa ukoo, usiutupe karatasi zikichakaa. Unakili kwenye karatasi mpya, na mwonyeshe kila mganga mpya kabla hajakuandikia dawa.